Serikali ilianguka Alhamisi, kiti cha Rais hakikutikisika

Alhamisi ya tarehe 7 Februari 2008 nilikuwa Dodoma, soko la Majengo, kwenye kibanda cha fundi redio mwenye runinga ndogo ya chogo. Watu walijazana mpaka njiani. Bunge lilikuwa linaonyeshwa moja kwa moja, na Edward Lowassa, Mbunge wa Monduli na Waziri Mkuu tangu mwisho wa mwaka 2005, alikuwa amesimama akieleza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Mzee mmoja wa Kigogo, kofia mkononi, akanigeukia: "Mjukuu wangu, sasa nchi iko kwa nani?" Nikamwambia iko kwa Rais, babu. Akauliza tena, "Hata mawaziri wote wakitoka?" Hapo nikakwama. Mmoja akasema atashika Spika, mwingine akasema Makamu, na kijana aliyekuwa amebeba gunia la karanga akaapa kwamba lazima uchaguzi urudiwe.

Hakuna aliyekuwa na jibu, na tulikuwa hatufiki hata kilomita chache kutoka mjengoni, yaani bungeni. Richmond, kashfa ya mkataba wa umeme iliyomfikisha Lowassa hapo, imeandikwa sana kwa upande wa nani alifanya nini na fedha zilikwenda wapi. Mimi nataka kuifuata kwa upande wa swali la yule mzee: kashfa ikiibomoa serikali yetu, madaraka hupita njia gani, hukaa kwa nani, na nani huulizwa kabla hayajakabidhiwa.

Kisa kilianzia majini. Bwawa la Mtera, lililo mpakani mwa Dodoma na Iringa kwenye mto Ruaha Mkuu, ndilo ghala la maji la mitambo miwili ya umeme: wa Mtera penyewe, megawati 80, na wa Kidatu chini zaidi, megawati 204. Ukame ulioingia mwaka 2006 ulilikausha bwawa lile hadi mgawo wa umeme ukawa ndiyo ratiba ya maisha. Mashine za kusaga zililala mchana, wachomeleaji wakahamia usiku, na akina mama wenye friji za barafu wakaachana na biashara hiyo. Serikali ikatafuta umeme wa dharura. Juni 2006 mkataba ukatiwa saini na Richmond, kampuni iliyojitambulisha kuwa inatoka Houston, Marekani, ya kuleta mitambo ya megawati 100. Mitambo haikufika kwa wakati. Mvua zikarudi kabla yake. Mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans, na TANESCO, shirika la umeme la taifa, ikawa inadaiwa shilingi milioni 152 kila siku ya Mungu kwa sababu tu mitambo ipo, iwake isiwake.

Novemba 2007 Bunge, chini ya Spika Samuel Sitta, liliunda Kamati Teule ya wabunge watano ikiongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe wa Kyela. Ripoti yao ilisomwa ukumbini Jumatano ya tarehe 6 Februari. Ilisema Richmond haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa, na ikaihusisha ofisi ya Waziri Mkuu na shinikizo la kuipa kazi hiyo. Kamati Teule haina uwezo wa kumfukuza mtu yeyote. Uwezo wake ni kuchunguza na kusoma kwa sauti, na mwaka ule sauti hiyo ilifika hadi Majengo. Lowassa alikanusha, akalalamika kwamba kamati haikumwita kumhoji, kisha akabwaga manyanga. Hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani kwa jambo hili, na haki inataka niliandike hilo waziwazi. Nazir Karamagi, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, na Ibrahim Msabaha, aliyeishika wizara hiyo kabla yake, walijiuzulu pia.

Sasa tuje kwenye swali la mzee.

Katika Katiba yetu mawaziri hawasimami kila mtu kwa miguu yake. Ibara ya 57 inasema kiti cha waziri kitakuwa wazi endapo Waziri Mkuu atajiuzulu au kiti chake kitakuwa wazi kwa sababu nyingine yoyote. Maana yake barua ya mtu mmoja iliwatoa wote, wakiwemo waliokuwa hawajui hata rangi ya mkataba wa Richmond. Kwa hiyo watu wanaposema serikali ilianguka, hawatii chumvi. Baraza la Mawaziri lilivunjika lote kwa pamoja.

Lakini tazama waliobaki. Rais Jakaya Kikwete alibaki, kwa kuwa kiti chake kinatokana na kura za wananchi wala hakitegemei Waziri Mkuu. Makamu wa Rais, Dk. Ali Mohamed Shein, alibaki kwa sababu hiyo hiyo, alipigiwa kura kwenye karatasi moja na Rais akiwa mgombea mwenza. Rais wa Zanzibar, ambaye ni mjumbe wa Baraza la Mawaziri kwa cheo chake, alibaki. Na chini yao walibaki watu ambao hatuwatazami sana, makatibu wakuu wa wizara. Hao ni watumishi wanaoteuliwa na Rais, na hawaondoki waziri anapoondoka. Mishahara ya walimu ililipwa, vituo vya afya vilifunguliwa, faili zilisogea. Nimewahi kusikia watu wakisema nchi ilikaa siku kadhaa bila serikali. Ilikaa bila mawaziri, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kasi iliyofuata bado inanishangaza. Ijumaa tarehe 8 jina la Mizengo Pinda, Mbunge wa Mpanda Mashariki, lilipelekwa bungeni na wabunge wakalithibitisha siku hiyo hiyo. Jumamosi akaapa Ikulu ya Chamwino, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Jumanne tarehe 12 Baraza jipya likatangazwa, Jumatano likaapishwa. Siku sita tangu barua ya Lowassa. Kuna serikali za kibunge ulaya ambazo zingetumia miezi kwa kazi hiyo.

Ukijiuliza kwa nini iliwezekana haraka namna ile, jibu linarudi kwenye umbile la cheo chenyewe. Waziri Mkuu wetu huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge kwa kura za wabunge walio wengi, ibara ya 51. Ndiye msimamizi wa shughuli za serikali za kila siku na ndiye kiongozi wake bungeni, yaani ndiye anayesimama mbele ya wabunge na kujibu. Bunge linaweza kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani chini ya ibara ya 53A: hoja iungwe mkono kwa maandishi na asilimia 20 ya wabunge wote, taarifa imfikie Spika siku 14 kabla, kisha zipatikane kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote. Aprili 2012 Zitto Kabwe alizunguka na karatasi mle mle Dodoma akikusanya saini za kumng'oa Pinda baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Saini zilipatikana. Spika Anne Makinda akasema siku 14 za taarifa haziwezi kutimia kwa kuwa mkutano unakaribia kwisha, na hoja haikupigiwa kura. Hata hivyo mwezi uliofuata Rais aliwaacha nje mawaziri sita. Unaona mtindo: shinikizo linaingia kwa mlango wa Waziri Mkuu, na linatokea mahali ambapo Rais ameamua litokee.

Na hapa pana jambo ambalo lingemshangaza yule mzee kuliko yote. Waziri Mkuu hayumo kwenye orodha ya kurithi kiti cha Rais kikiwa wazi. Ibara ya 37(3) inamtaja Makamu wa Rais kwanza, kisha Spika, kisha Jaji Mkuu. Kijana wa karanga alidhani Waziri Mkuu akianguka ngazi nzima imekatika. Kumbe aliyeanguka hakuwa kwenye ngazi. Alikuwa pembeni yake, amebeba lawama za nyumba nzima, na alipoondoka hakuna aliyepanda wala kushuka.

Ndiyo maana nasema kiti kile kimejengwa kiasi kwamba kashfa ikija kinavunjika chenyewe kwanza. Sisemi hivyo kumtetea Lowassa. Mwaka 2015, alipohamia chama cha upinzani cha Chadema kugombea urais, alieleza kwamba yeye alitaka mkataba uvunjwe lakini maelekezo yalitoka juu. Hilo ni dai lake, na aliondoka duniani Februari 2024 bila kulithibitisha popote. Ila hebu tulipime kwa upande wa Katiba. Tuseme ni kweli. Ni chombo gani kingeweza kumuuliza huyo wa juu? Kamati Teule ilikuwa na kazi ya kuangalia mchakato wa zabuni. Bunge lilipata kichwa cha Waziri Mkuu, na kichwa hicho kilipopatikana, hasira ya nchi ilitulia. Mimi naona hapo ndipo tulipopoteza, kwa sababu hatukuwahi kufika kwenye swali la pili, la huyo wa juu.

Tuchukulie basi kashfa kama ile imemgusa Rais mwenyewe. Njia ipo, ibara ya 46A, na inafaa isomwe polepole. Hoja iletwe kwa madai kwamba Rais amevunja Katiba au Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, au mwenendo wake umedhalilisha kiti. Taarifa isainiwe na asilimia 20 ya wabunge wote na imfikie Spika siku 30 kabla. Bunge lipige kura. Theluthi mbili ya wabunge wote wakikubali, inaundwa Kamati Maalumu ya Uchunguzi. Kuanzia hapo Rais anahesabika hayupo kazini, na kazi zake zinafanywa kwa kufuata ile orodha ya 37(3). Kamati ina siku zisizozidi 90. Rais anapewa nafasi ya kujitetea. Kisha kura tena, theluthi mbili tena. Akishindwa, anatakiwa kujiuzulu ndani ya siku tatu, na anapoteza stahili za Rais mstaafu.

Bunge la Februari 2008 lisingeweza kuanza hata hatua ya kwanza. Katika uchaguzi wa 2005 CCM, chama cha Rais, ilipata majimbo 206 kati ya 232. Upinzani wote kwa pamoja, pamoja na viti maalumu, haukufika asilimia 20. Kwa maneno mengine, bila wabunge wa chama cha Rais kukubali kushika kalamu, ibara ya 46A ni maandishi tu.

Kisha kuna jambo lililonichukua muda kuliona, na sasa kila nikilisoma linanikera. Kamati hiyo ya kumchunguza Rais ina watu tisa. Mwenyekiti ni Jaji Mkuu wa Jamhuri ya Muungano. Yumo Jaji Mkuu wa Zanzibar. Saba waliobaki wanateuliwa na Spika kwa kuzingatia uwiano wa vyama. Rudi kwenye orodha ya kushika madaraka: Makamu, Spika, Jaji Mkuu. Wa pili kwenye orodha anachagua wachunguzi, wa tatu anaongoza uchunguzi. Kama Makamu naye kaguswa na kashfa hiyo hiyo, na kashfa za mikataba mikubwa mara nyingi hazigusi mtu mmoja, basi wanaoamua hatima ya Rais ndio watakaoshika kazi zake. Siwatuhumu watu, nalisema pengo lililo kwenye maandishi. Linaweza kuzibwa kwa aya moja inayosema anayechunguza hawezi kushika madaraka hayo.

Kwa jinsi siasa zetu zilivyo, ningetegemea kumwondoa Rais kupite mlango mwingine, wa chama. Na Dodoma imeshauona mlango huo. Januari 1984, kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM hapa hapa Dodoma, Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano, alijiuzulu nyadhifa zake zote. Haikuwa kashfa ya fedha. Ilikuwa ni suala la muundo wa Muungano, yale yaliyoitwa kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa. Aliingia kikaoni akiwa Rais, akatoka akiwa mwananchi wa kawaida, na hakuna bunge wala baraza lililopiga kura ya kumwondoa. Aliyekwenda kushika Zanzibar ni Ali Hassan Mwinyi, yule aliyekuwa amejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970 kwa vifo vya mahabusu Shinyanga, vifo ambavyo yeye mwenyewe hakuvisababisha. Mwaka 1985 Mwinyi akawa Rais wa Muungano. Wazee wetu wanapolitaja neno kuwajibika wanamkumbuka yeye, na nadhani ndiyo sababu kujiuzulu kwa Waziri Mkuu mwaka 2008 kulipokelewa kama jambo lenye heshima ndani yake.

Rais akijiuzulu, ibara ya 37(5) haina longolongo. Makamu anaapishwa na kuwa Rais kamili kwa muda uliobaki wa miaka mitano. Hakuna uchaguzi mdogo na hakuna kaimu. Ibara ya 40 inaongeza kwamba kama muda huo haufiki miaka mitatu anaweza kugombea mara mbili baadaye, ukifika au kupita hapo ni mara moja tu. Rais mpya, baada ya kushauriana na chama chake, analipelekea Bunge jina la Makamu mpya, lithibitishwe kwa kura za angalau nusu ya wabunge wote.

Njia hii tumeshaipita mara moja, kwa msiba. John Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan akaapa tarehe 19. Tarehe 30 bahasha yenye jina la Dk. Philip Mpango ilifika bungeni Dodoma, na siku hiyo hiyo wabunge wote 363 waliopiga kura walisema ndiyo. Kesho yake akaapa Chamwino. Kwa kifo, kasi hiyo ni rehema. Nchi iliyofiwa haitakiwi kulala na kiti kitupu.

Kwa kashfa mimi siioni hivyo. Marekani, Makamu wa Rais Spiro Agnew alijiuzulu Oktoba 1973 kwa tuhuma za rushwa na kodi. Rais Richard Nixon akampendekeza Gerald Ford tarehe 12 Oktoba, na Bunge lao likamchambua mpaka tarehe 6 Desemba ndipo akaapa. Agosti 1974 Nixon mwenyewe akaanguka kwa kashfa ya Watergate, Ford akawa Rais, akamteua Nelson Rockefeller, na huyo alihojiwa karibu miezi minne. Wamarekani wakajikuta na Rais na Makamu ambao hakuna kati yao aliyepigiwa kura ya nchi nzima kwa cheo alichonacho, lakini angalau wote wawili walikuwa wamekaa mbele ya kamati wakaulizwa mali zao, kodi zao na marafiki zao. Kwetu, mtu anayeletwa kuziba pengo la kashfa anaweza kuthibitishwa siku ileile jina lake linapofika bungeni. Pinda alithibitishwa hivyo, na Mpango pia, na wote wawili huenda wangepita hata wangehojiwa mwezi mzima. Anayenitia wasiwasi ni yule wa siku nyingine, ambaye jina lake litakuwa kwenye bahasha wakati faili la kashfa halijafungwa. Katiba haikuweka hata siku saba za kumsoma.

Tena mwaka 2008 tulikuwa na kitu kimoja ambacho baadaye kilipunguzwa. Tuliona. Ile runinga ya chogo ilimfanya muuza karanga ajadili ibara za Katiba bila kujua kwamba anazijadili. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa maelezo ya gharama. Nalitazama hilo kama sehemu ya kisa hiki, maana barua ya Lowassa iliandikwa usiku mmoja baada ya nchi nzima kusikia ripoti kwa masikio yake.

Na mkataba je? Bunge lilipitisha maazimio 23, TANESCO ikauvunja mkataba wa Dowans mwaka huo huo wa 2008, na Dowans wakaenda kwenye mahakama ya usuluhishi ya Baraza la Kimataifa la Biashara. Hukumu ilitoka Novemba 2010: TANESCO ilipe, kiasi kilichohesabiwa wakati ule kuwa zaidi ya shilingi bilioni 90. Mwezi huo huo Bunge jipya lilikuwa linaapishwa Dodoma baada ya uchaguzi wa Oktoba. Sitta hakuwa tena Spika, Kamati Teule ilishasambaa, na Baraza la Mawaziri lilikuwa linaundwa upya. Waliokuwa bado mahali pao palepale walikuwa wateja wa TANESCO, akiwemo fundi redio wa Majengo, anayenunua luku ya elfu mbili mbili.